Chupa Iliyolala na Barafu

Mchanga mbichi ukikaa kivulini una harufu yake. Si harufu ya matope, wala si ile ya mvua ya kwanza ambayo kila mtu huisifu. Ni harufu ya kitu kinachopumua polepole, kama mtoto aliyenyonya akashiba. Hapa kwangu Soweto West, Kibera, harufu hiyo hutoka chini ya meza. Kuna beseni la plastiki limejaa mchanga, na katikati ya mchanga kuna chungu kidogo cha udongo kilichofunikwa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Ndani ya chungu imelala dawa yangu ya sindano. Sukari ilinishika nikiwa na mimba ya Baraka, na Baraka alipotoka, yenyewe ilikataa kutoka. Kila asubuhi nikiumwagia mchanga maji, mwanangu huja akitambaa, anachovya kidole, halafu ananitazama kama askari aliyeshika mwizi.

Na harufu hiyo ikipanda, mimi siko Kibera tena. Niko Kawangware 46, mtaa wa utotoni kwangu hapa Nairobi, meno yangu ya mbele yameng'oka, nimeshika kopo la bati kwa mikono miwili, na nimeambiwa nisikimbie.

Ploti yetu ilikuwa ya Mama Njoki. Vyumba vya mabati vilitazamana, korido katikati, na mfereji mmoja uliokuwa hodari wa kukoroma kuliko wa kutoa maji. Mama Njoki alizaliwa papo hapo, shamba likiwa la babake, kabla Kawangware haijajaa watu. Nyumba yake ya mawe ilisimama mbele ya vyumba vyetu kama mwalimu mbele ya darasa. Sisi tulipanga chumba cha mwisho, karibu na choo: Mama, ambaye alifulia watu nguo, mimi, na Kukhu. Kukhu ni nyanya kwa Kiluhya. Alikuwa mama wa mama yangu, na aliletwa kutoka nyumbani Magharibi mwa Kenya ili awe karibu na hospitali, kwa sababu vidonge vya sukari vilikuwa vimeshindwa na sasa ilibidi ajidunge.

Siku aliyopewa ile dawa nilikuwa hapo, nimekalia mguu wake. Daktari wa kliniki hakuinua macho. "Asubuhi na jioni. Usile sukari. Dawa iweke mahali baridi. Anayefuata!" Hayo tu. Kukhu akabaki ameshika kichupa kama mtu aliyekabidhiwa kifaranga. Mahali baridi. Chumba chetu kilikuwa cha mabati, na saa nane mchana hata nzi walikuwa wakitoka nje kupunga upepo.

Friji ilikuwa moja tu ploti nzima, na ilikuwa ya Mama Njoki. Ilikaa sebuleni kwake, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma na maua ya plastiki, na ilinguruma kwa sauti ya mtu anayesali peke yake. Kazi yake ilikuwa kugandisha barafu. Mama Njoki alijaza maji ya rangi na sukari kwenye vikaratasi virefu vya plastiki, akavifunga fundo, akavilaza huko juu kwenye friza, na watoto wa 46 nzima walikuja kununua. Kukhu alipomwendea na kichupa chake, tulidhani atakataa. Mwenye ploti na mpangaji si watu wa kuingiliana hivyo.

"Mama, leta," alisema Mama Njoki. "Hiyo ni dawa, si nyanya za kuoza. Itakaa hapa kama mtoto wangu."

Basi kazi ya kubeba dawa ikawa yangu. Kichupa kilifungwa kwa leso safi, kikawekwa ndani ya kopo lililokuwa la mafuta ya kupikia. Asubuhi na jioni nilienda kukichukua, Kukhu akajidunga tumboni akiwa amegeukia ukuta, nami nikakirudisha. Nilivua viatu mlangoni kwa Mama Njoki. Zulia lake lilikuwa laini mpaka vidole vyangu vilitaka kulala. Chumba kilinukia chai ya maziwa na nta ya sakafu, na mlango wa friji ukifunguliwa, moshi mweupe ulishuka sakafuni ukanipapasa miguu. Niliamini mbinguni kunafanana na pale, isipokuwa mbinguni barafu ni ya bure. Ile iliyopasuka Mama Njoki alinipa. "Nafula, kula haraka kabla Kukhu wako hajaiona akatamani."

Kilipofika kiangazi, stima, yaani umeme, ikawa ya kwenda na kurudi. Inapotea mchana kutwa, inarudi jioni, inapotea tena. Mama Njoki akaingiwa na wasiwasi kuhusu ile chupa. Sehemu ya chini ya friji ilikuwa ikipoteza ubaridi upesi, lakini huko juu kwa barafu baridi ilikaa. Kwa hivyo akafanya jambo ambalo mtu mwenye roho nzuri angefanya. Kila jioni alikihamisha kichupa cha Kukhu hadi friza, akakilaza katikati ya barafu nyekundu na za njano, mahali pazuri kuliko pote. Alfajiri alikitoa ili mgonjwa asidungwe na kitu cha baridi kali. Asubuhi nikifika, mara nyingi nilimkuta ameketi kando ya dirisha, kichupa kati ya viganja vyake, anakipasha kwa pumzi huku midomo ikimchezacheza. Jua lilikuwa likipita kwenye pazia la manjano na kumfanya aonekane kama picha za kanisani. Sikuuliza. Nilisimama tu nikimtazama, na mpaka leo sijamwona mtu mzima akishika kitu kwa upole namna ile.

Ndani ya dawa kulikuwa na urembo pia. Zamani ilikuwa nyeupe tu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Sasa, ukiinua chupa juani, uliona vipande vidogo vimeshika kwenye kioo, vinametameta, kama ile theluji niliyoiona kwa televisheni ya Mama Njoki. Nilimwonyesha Kukhu.

"Wacha iwe na urembo," alisema. "Vile inauma, hata ivae bangili."

Lakini Kukhu alianza kuisha. Alikunywa maji kama ardhi iliyopasuka. Mwili ulipungua, nguo zikabaki zinamtembeza. Akawa hawezi kutia uzi kwenye sindano ya kushonea, na siku moja aliusalimia mlango akidhani ni Mama. Tulicheka, naye akacheka, kisha akajisugua macho muda mrefu. Tukarudi kliniki. Daktari ni yule yule.

"Mama, unakula nini?"

"Nakula vile mlisema."

"Sukari iko juu hivi na unasema unajidunga? Wacha kunidanganya. Nyinyi wazee mnapenda vitamu, halafu mkikatwa mguu mnalia hapa."

Watu waliokuwa kwenye foleni walisikia. Kukhu alifunga vifungo vya sweta yake kimoja kimoja, taratibu, na kimoja alikifunga mahali pasipo pake.

Niseme wazi, nikimkumbuka huyo daktari damu yangu huchemka. Hakuuliza dawa inalala wapi. Hakuuliza kama kwetu kuna friji. Aliona mwanamke mzee mwenye ndala, akajua tayari kosa ni la nani.

Na nyumbani tukamwamini yeye. Hilo ndilo linauma zaidi. Mama alichukua kopo la sukari akalipandisha juu ya kabati, mahali ambapo Kukhu hangefika hata akipanda stuli. Kukhu alilitazama likipanda. Alikuwa mwanamke aliyezika mume, akalima, akasomesha, na sasa alifichiwa sukari kama mtoto. Majirani nao wakaanza maneno ya kando ya mfereji. "Si huyo ndiye anakula mandazi kwa siri?" Mama alinivuta kando akaniambia nimfuate kila anakokwenda, nimletee habari.

Nikawa mpelelezi. Nilimfuata Kukhu katika barabara za vumbi za 46, nyuma yake kidogo, nikijificha nyuma ya magunia ya makaa na baiskeli za watu. Alitembea polepole akigusa kuta kwa vidole. Alifika penye mama mmoja aliyekaanga mandazi kwenye karai, akasimama. Mafuta yaliimba, mandazi yakageuka tumbo juu, harufu ya iliki ikajaa barabara nzima. Kukhu alifumba macho. Alisimama pale, uso ameuinua, akivuta harufu ile kama mtu anayesikiliza wimbo wa ujana wake. Mama wa mandazi alimjua. "Kukhu, leo nikufungie?" Kukhu akatikisa kichwa. "Nimeshiba, mama. Endelea kukaanga." Akafumbua macho, akaenda zake.

Nilikimbia nyumbani. "Alinusa tu!"

"Alinusa, halafu?"

"Halafu akasema ameshiba."

Mama aliketi juu ya beseni la nguo lililofunikwa. "Kunusa hakupandishi sukari," alisema, lakini aliyasema akilitazama lile kabati.

Ni mama huyo huyo wa mandazi aliyetuambia kuhusu darasa. Katika ukumbi wa kanisa hapo Kawangware watu wenye sukari walikuwa wakikutana na kufundishwa, na mwalimu wao alikuwa nesi aitwaye Sista Auma, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kuamsha ploti, ambaye mwenyewe alikuwa na sukari. Tulienda sote watatu. Sista Auma alikuwa na sahani ya bati na alikuwa akionyesha chakula: nusu ya sahani mboga, robo nyama au maharagwe, na ugali ukubwa wa ngumi.

"Ngumi ya nani?" akauliza Kukhu.

"Yako, Kukhu. Si ya bondia."

"Huu si ugali. Huu ni wa kuonjesha paka aondoke."

Ukumbi ukaangua kicheko, na ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kumsikia Kukhu akitania. Watu waliuliza maswali hapo bila kuogopa. Mzee mmoja aliuliza kama asali ni sukari, mwingine akauliza kama mtu anaweza kula muwa kwa kuwa unatoka shambani, na Sista hakumcheka yeyote kwa kuuliza. Kisha akasema kila anayejidunga atoe chupa yake. Alizipitia moja moja. Ya Kukhu aliiviringisha kati ya viganja, akaipeleka dirishani, akaiviringisha tena. Kicheko kikafutika usoni mwake.

"Kukhu, hii inalala wapi?"

"Kwa friji. Si mlisema baridi?"

"Friji, sehemu gani? Chini, ama juu kwenye barafu?"

Kukhu hakujua. Mimi nilijua, na nilijivunia kujua. "Juu na barafu!" nikasema. "Mama Njoki huiweka katikati. Asubuhi anaipasha na mikono."

Sista Auma alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Aliniuliza tena, nikarudia. Ndipo akasimama akaeleza, si kwa Kukhu peke yake bali kwa ukumbi mzima, kwamba insulini inataka ubaridi lakini haitaki kuganda. Ikiganda hata mara moja, imekufa. Ukiiyeyusha inaonekana dawa, inauma kama dawa, lakini haifanyi kazi. Na vile vipande vinavyometameta ndivyo alama yake. "Huyu mama amekuwa akijidunga maji ya bure," alisema. "Na hakuna alichokula."

Hakuna alichokula. Kukhu alirudia maneno hayo kwa sauti ndogo, kama anayejifunza jina la mtu. Kisha akafunika uso kwa leso, mabega yakatikisika. Tulipofika nyumbani Mama alipanda stuli, akateremsha kopo la sukari, akaliweka mezani, mbele kabisa ya kiti cha Kukhu. Kukhu alilisukuma kando kidogo ili apate mahali pa kuweka kikombe chake cha strungi, chai kavu isiyo na sukari. Basi. Msamaha wa kwetu ulikuwa hivyo.

Sista alitupa chupa mpya na akatufundisha chungu: kinazikwa kwenye mchanga unaomwagiwa maji, dawa inalala ndani. Kukhu alikichagua mwenyewe sokoni, akikigonga kwa ukucha na kusikiliza. Mchanga tuliuomba kwa fundi aliyekuwa akijenga karibu. Tulikiweka chini ya kitanda, pembeni kusikofika jua, na chumba chetu cha mabati kikaanza kunukia kama kando ya mto. Siku zikapita, mwili wa Kukhu ukarudi kwenye nguo zake. Macho hayakurudi yote, lakini mlango hakuusalimia tena.

Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Asubuhi baada ya chungu kuja, Kukhu aliniita, akanipa lile kopo la bati. Ndani mlikuwa na kichupa cha zamani, kile kilichokufa, kimefungwa kwa leso safi. "Mpelekee Mama Njoki," alisema.

"Si imeharibika?"

"Mpelekee. Na usiseme kitu. Huyu mama ndiye mwenye ploti wa kwanza kunifungulia nyumba yake. Akijua alikuwa ananiua, atakufa kwa aibu."

Nikaenda. Nilikwenda asubuhi na jioni kama zamani. Nilivua viatu, zulia likanilaza vidole, moshi mweupe ukanipapasa. Mama Njoki alikipasha kichupa kilichokufa kwa viganja vyake, midomo ikimcheza, akanipa. "Naona Kukhu amenenepa," alisema akitabasamu. "Friji yangu si mchezo." Nilikuwa mtoto na nilienda nilikotumwa, lawama hiyo siibebi. Nilidhani ni mchezo wa wakubwa, mzuri kama kucheza nyumba na watoto. Kukhu aliporudi Magharibi ndipo safari za kopo zilipokwisha, na huko alikufa akiwa mzee, kitandani kwake, miguu yake yote miwili ikiwepo.

Mwaka huu, Baraka alipoanza kukaa mwenyewe, nilimfunga mgongoni nikaenda 46 kumsalimia Mama Njoki. Ploti imekuwa ya ghorofa sasa, vijana wake wamejenga, lakini yeye yuko chini, sebule ile ile, friji nyingine. Alikuwa ameketi kando ya dirisha. Aliposikia sauti yangu aligeuza uso, lakini macho yalienda ukutani.

"Ni Nafula wa Kukhu? Karibu, mama. Keti. Mimi macho yalikwenda na sukari."

Alikuwa akijidunga kwa miaka. Kliniki walimgombeza kila mara kwamba anakula barafu zake mwenyewe. Sikutaka kuuliza, lakini niliuliza. Dawa unaweka wapi?

"Si huko juu? Pale pale nilipokuwa nikiweka ya nyanyako. Si uliona vile alipona?"

Friji ilinguruma. Baraka alikuwa sakafuni akivuta nyuzi za zulia. Ningeweza kunyamaza. Kukhu angenyamaza, na yule daktari alinyamaza kabla yake, mmoja kwa adabu na mwingine kwa dharau, na vyote viwili vilifika mahali pamoja: hapa, kwenye macho ya mwanamke huyu. Nilimwambia. Nilimwambia yote, friza, vipande vinavyometameta, darasa, chungu, na lile kopo nililomletea na dawa iliyokufa.

Mikono yake ilikutana mapajani, kiganja juu ya kiganja, kama imeshika kitu kidogo.

"Hiyo chupa nilikuwa naiombea," alisema. "Kila asubuhi. Naipasha nikisali."

"Najua. Niliona."

"Mngeniambia, Nafula." Hakupaza sauti. "Ningeona aibu wiki moja. Halafu ningekuwa na macho."

Nilifungua friza, nikakitoa kichupa chake kutoka katikati ya barafu nyekundu, kigumu kama jiwe, nikakitupa. Siku iliyofuata nilirudi na chupa mpya, chungu, beseni na mchanga. Niliuongoza mkono wake. Aliuzamisha mchangani mpaka kifundo, akausikiliza kwa vidole, akainama kuunusa.

"Ni baridi," alisema, "lakini haiumi."